Punda afe, mzigo ufike? Sheria inakataa

Kidonda cha punda wa mkokoteni kinaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani, hata kama hajawahi kushika mjeledi. Wazazi wengi hawajui, na wenye punda wengi hawajui pia.

Saa moja kasoro asubuhi. Mifereji imekauka tangu juzi na mkokoteni wa maji umesimama langoni ukiwa na mitungi 20, kila mmoja wa lita 20. Mama anahesabu sarafu, kijana wa maji anamimina, kaka mkubwa anatafuta soksi. Hakuna anayemtazama punda, isipokuwa mtoto wa Gredi ya Pili ambaye tayari amevaa sare na hana la kufanya. Swali lake linakuja kwa sauti ya juu, mbele ya watu: mbona mgongo wake unatoka damu?

Wazazi wa Naivasha, Limuru, Mwea na viunga vya Nairobi wanalijua swali hilo. Jibu lake pia linajulikana. Punda amezoea. Punda hasikii uchungu kama sisi. Na mzazi akiwa na haraka zaidi, kuna msemo ulio tayari mdomoni: punda afe, mzigo ufike. Watoto huukariri kabla hawajajua maana yake.

Hesabu kidogo kwanza. Lita 400 za maji ni kilo 400, kabla hujaongeza mbao, vyuma na magurudumu ya mkokoteni, wala kijana aliyeketi juu yake. Punda wengi wa kwetu hawafikishi kilo 200. Magurudumu yakiwa mazuri na barabara ikiwa tambarare, punda anaweza kuvuta uzito unaomzidi. Kwenye matope na mlima, mkanda uliochakaa humkata mnyama begani na kifuani, kila siku pale pale, mpaka ngozi iachie.

Kidonda cha namna hiyo hakitokei kwa siku moja. Ndiyo maana mwanasheria akikitazama haoni ajali. Anaona muda, yaani wiki baada ya wiki ambapo kuna mtu aliyepaswa kufanya kitu na hakufanya.

Kutofanya kitu pia ni kosa

Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi wakisikia neno ukatili hufikiria kipigo. Kipigo kimo, ni kweli. Kumpiga mnyama kikatili, kumpiga teke, kumwendesha kupita nguvu zake, kumbebesha mzigo uliozidi, kumtesa na kumtia hofu, yote hayo yametajwa. Lakini sheria haikuishia hapo. Kumtumikisha mnyama ambaye ni mgonjwa au ana jeraha linalomfanya asifae kwa kazi ni kosa. Kumnyima chakula na maji ni kosa. Kumtelekeza ni kosa.

Kipengele kinachowashangaza wengi zaidi ni kile kinachomhusu mmiliki. Mwenye mnyama huhesabiwa kuwa ameruhusu ukatili ikiwa alishindwa kumtunza na kumsimamia kama inavyostahili. Maneno hayo yanabadilisha mambo mtaani. Punda wengi wa mikokoteni hawaongozwi na wenyewe. Mwenye punda anaweza kuwa mwalimu, askari, mwenye duka au mama wa chama aliyemnunua kama kitega uchumi, akampa kijana amletee kiasi fulani cha pesa kila jioni. Kijana akitaka kubaki na chochote lazima afanye safari nyingi zaidi, abebe mitungi mingi zaidi, asimpumzishe mnyama. Mwenye punda yuko nyumbani kwake na hajawahi kumpiga mnyama hata kiboko kimoja.

Mbele ya hakimu, kutokuwepo kwake hakumtoi hatiani. Kunaweza kuwa ndicho hasa anachoshtakiwa nacho.

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbele kidogo walipotunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Neno lililotangulizwa pale ni ustawi, na sheria inatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia. Sheria ya Kenya ni ya kizazi cha zamani zaidi: inangoja mnyama aumie, kisha inauliza ni nani alaumiwe.

Uzamani huo una historia yake. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya mifugo, ikiwataja farasi, nyumbu na punda pamoja na ng'ombe na kondoo, kwa juhudi za mbunge aliyeitwa Richard Martin. Inasimuliwa kwamba katika moja ya kesi za mwanzo, Martin aliona mahakama inapuuza maneno ya mashahidi, akaagiza punda mwenyewe aingizwe ndani ili majeraha yake yaonekane. Wachoraji wa magazeti walifurahi sana siku hiyo. Sheria hiyo ilikuja kupanuliwa mwaka 1911, na ukiisoma ile ya 1911 kando ya Sura ya 360 utaona orodha ya makosa inafanana karibu neno kwa neno. Wakoloni waliondoka, sheria ya punda ikabaki.

Daktari ataona nini

Kesi ya kumtelekeza punda au farasi hujengwa na daktari wa mifugo kabla haijajengwa na wakili. Polisi anaweza kuandika kwamba mnyama alionekana dhaifu, lakini wakili wa mshtakiwa atauliza dhaifu kiasi gani, na tangu lini. Hapo ndipo mwili wa mnyama unapotoa ushahidi.

Madaktari hutumia kipimo cha unene cha alama moja hadi tano. Moja ni mnyama ambaye mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya nyonga vinahesabika kwa macho. Tano ni aliyenenepa kupita kiasi, na hilo nalo ni tatizo, hasa kwa farasi na punda wasiofanya kazi. Punda wa alama moja hakufika hapo wiki iliyopita.

Kwato zinasema hata zaidi. Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, au pungufu kidogo, na mnyama anayetunzwa hukatwa kwato kila baada ya wiki kadhaa. Punda ambaye kwato zake zimerefuka na kujipinda kwenda juu kama ncha ya kiatu cha sultani wa kwenye katuni amekaa miezi mingi bila kuguswa. Mwenyewe anaweza kudai kwamba alimwita fundi mwezi uliopita. Kwato zitamkanusha.

Kisha kuna vidonda vyenyewe. Kidonda kibichi kinaweza kuwa cha jana. Kidonda chenye ukingo mgumu, nyama iliyojijenga katikati na makovu meupe pembeni kimefungwa na kufunguka mara nyingi, yaani mnyama alirudishwa kazini kabla hajapona. Nywele nyeupe begani mwa punda wa kijivu ni kumbukumbu ya vidonda vya zamani mahali pale pale.

Jambo moja huwapotosha hata watu wenye huruma. Punda haonyeshi maumivu kama mbwa. Halii, hagaagai ovyo. Ananyamaza, anashusha kichwa, masikio yanalegea, anaacha kula. Mtu asiyemjua husema ametulia. Kwa daktari, punda aliyeacha kula ni dharura, kwa sababu mwili wake huanza kuyeyusha mafuta kwa kasi na kuyamwaga kwenye damu, na hali hiyo inaweza kumuua ndani ya siku chache hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo.

Kwa familia iliyo karibu na mnyama wa aina hiyo kuna sababu nyingine ya kutokipuuza kidonda, na jina la ugonjwa wenyewe limembeba punda: pepopunda. Vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na huingia mwilini kupitia jeraha. Farasi na punda huathirika vibaya. Miguu hukakamaa, mkia huinuka, taya hufunga. Mnyama hamwambukizi mtu moja kwa moja, lakini mtoto anayecheza pekupeku kwenye ua wenye mbolea ya punda akachomwa na msumari yuko katika hatari ile ile. Chanjo ya watoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inamkinga, ndiyo sababu kadi ya kliniki haifai kuachwa na mapengo. Mtoto akipigwa teke au kung'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kung'atwa kuna hatari ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake huwapata punda pia.

Unaripoti wapi

Mzazi aliyeona mnyama anateseka huwa na mawazo mawili ya haraka: kumfokea kijana wa mkokoteni, au kupiga picha na kuitupa mtandaoni. Yote mawili hayajengi kesi. La kwanza linaweza kuzua vurugu mtaani, na kijana aliyeaibishwa huenda akammalizia hasira punda mbele ya safari. La pili huleta matusi 300 na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kituoni.

Picha ni nzuri, ila ziwe na maana. Piga mnyama mzima ili hali ya mwili ionekane, kisha kidonda kwa karibu, kisha kwato. Andika tarehe, saa na mahali. Ukimwona tena baada ya wiki na bado anavuta mkokoteni akiwa na kidonda kile kile, piga tena. Picha mbili zilizopishana kwa wiki mbili zina uzito kuliko picha 20 za asubuhi moja, kwa sababu zinathibitisha kwamba muda ulipita na hakuna aliyejali.

Malalamishi hupelekwa kituo cha polisi, na mlalamishi aondoke na nambari ya OB. Afisi ya mifugo ya kaunti nayo ipewe taarifa, kwa sababu ndiko aliko daktari atakayemkagua mnyama. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Wakazi wengi wanaijua kaunti kwa leseni na vibali vya soko, hawajui kwamba punda aliyeanguka barabarani naye yumo kwenye kazi zake. Kuna pia Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama nchini, KSPCA, kilichoanza mwaka 1910 na ambacho wakaguzi wake hupokea taarifa za farasi, punda na wanyama wengine. Shirika la Brooke nalo hufanya kazi na wenye punda katika kaunti kadhaa, zaidi kwa mafunzo na matibabu.

Nani atakayekuwa shahidi? Swali hili huwarudisha wengi nyuma. Jirani haoni vyema kusimama kizimbani dhidi ya jirani anayemletea maji. Ni hofu ya kweli na haifai kubezwa. Lakini ripoti ya daktari ikiwa imara, maneno ya mlalamishi huwa ni sehemu ndogo tu ya kesi.

Shilingi 3,000

Tuseme yote yamekwenda sawa: mnyama amekaguliwa, mwenyewe ameshtakiwa, hakimu amemtia hatiani. Sura ya 360 inasema adhabu ni faini isiyozidi Sh3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mahakama inaweza pia kumnyang'anya mmiliki mnyama wake, au kuamuru mnyama aliyeumia vibaya mno auawe ili asiendelee kuteseka.

Shilingi 3,000 zilipoandikwa kwenye sheria zilikuwa pesa nyingi. Leo mwenye punda watatu anaweza kuzilipa na kurudi barabarani mchana ule ule, punda akiwa bado na kidonda. Kwa upande mwingine, miezi sita jela kwa baba anayelisha watoto wanne kwa mkokoteni mmoja ni adhabu ya familia nzima, na punda wake hatapona kwa sababu mwenyewe yuko ndani. Kati ya faini isiyouma na kifungo kinachovunja nyumba hakuna ngazi ya katikati. Haishangazi kwamba polisi wengi hupendelea kumaliza jambo kwa maneno pale pale kando ya barabara.

Halafu kuna mnyama mwenyewe. Kesi ikichukua miezi, atakaa wapi? Runinga iliyoibwa ikiwa kielelezo hufungiwa stoo. Punda anataka nyasi, maji, kivuli, dawa, na mwenzake wa karibu, kwa sababu punda aliyetenganishwa na mwenzake aliyemzoea huweza kuacha kula. Kituo cha polisi hakina bajeti hiyo. Mara nyingine kielelezo hurudishwa kwa mshtakiwa amtunze mpaka kesi iishe. Msomaji apime mwenyewe busara ya mpango huo.

Kesi ya Spindle Farm

Kwa kuwa sheria yetu ilichotwa Uingereza, inafaa kutazama Waingereza wenyewe walifanya nini na ile ya kwao. Waliifuta. Mwaka 2006 walitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama kwa ajili ya England na Wales, ambayo haingoji mnyama aumie. Mwenye mnyama ana wajibu tangu siku ya kwanza: mahali panapofaa, chakula kinachofaa, nafasi ya kuishi kulingana na maumbile yake, wenzake anaowahitaji, na kinga dhidi ya maumivu na magonjwa. Akishindwa, amevunja sheria hata kama mnyama bado anasimama.

Sheria hiyo ilipimwa mapema. Januari 2008, wakaguzi waliingia katika shamba liitwalo Spindle Farm, karibu na mji wa Amersham, lililomilikiwa na mfanyabiashara wa farasi. Walikuta farasi na punda zaidi ya 100 walio hai, wengi wamekonda na wagonjwa, wakiwa wamesongamana kwenye uchafu wao. Katikati yao kulikuwa na mizoga zaidi ya 30, mingine imeoza kiasi cha kubaki mifupa. Mwaka uliofuata mfanyabiashara huyo alitiwa hatiani. Alifungwa jela na kupigwa marufuku ya maisha asifuge farasi wala punda. Mkewe na watoto wake waliokuwa wakishiriki kazi ya shamba walipatikana na hatia pia.

Hakukubali. Alikata rufaa zaidi ya mara moja, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa uamuzi ambao mawakili wa wanyama bado wanautegemea. Upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha kwamba mmiliki alijua mnyama anateseka. Inatosha kwamba alipaswa kujua. Mtu mwenye akili ya kawaida anayemiliki farasi angeona kwamba mbavu zimetokeza. Asiyeziona hawezi kujificha nyuma ya kutoona kwake.

Sheria hiyo ya 2006 ina mambo mengine mawili ambayo wabunge wetu wangeyasoma kwa faida. La kwanza ni barua ya kutakiwa kurekebisha. Mkaguzi akimkuta mnyama katika hali mbaya isiyo ya dharura, anaweza kumwandikia mmiliki: fanya hivi na hivi, mwite daktari, mpumzishe, nitarudi tarehe fulani. Muda ule ukiendelea kuhesabiwa, mmiliki hashtakiwi kwa jambo lile. Akitekeleza, yamekwisha. Kwa muuza maji wa Naivasha barua kama hiyo, yenye muhuri wa kaunti na tarehe, ingeweza kufanya kile ambacho Sh3,000 haziwezi kufanya, na bila kumpeleka mtu jela.

La pili linawahusu wazazi moja kwa moja. Mnyama akiwa chini ya uangalizi wa mtoto wa chini ya miaka 16, sheria inamhesabu mzazi au mlezi kuwa ndiye mwenye wajibu. Kuhusu adhabu, Waingereza waliona miezi sita ni kidogo kwa visa vizito, na mwaka 2021 wakapandisha kiwango cha juu hadi miaka mitano.

Mtoto akishika kamba

Kwetu, nani huchunga punda baada ya shule? Vijijini mara nyingi ni mtoto wa miaka 10 au 12. Anatumwa mtoni na mitungi minne, anarudi, anamfunga kamba mguuni na kukimbilia mpira. Kamba ikibana wiki nzima hukata mpaka karibu na mfupa. Mtoto hakukusudia. Alifunga alivyoona wakubwa wakifunga.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo punda akikutwa na mguu uliooza, macho ya sheria hayatakaa sana kwa mtoto. Yatauliza mnyama ni wa nani na nani alimtuma mtoto. Baba anayemwambia mwanawe "wewe ndiye mwenye punda" anajidanganya kisheria, hata kama anadhani anamfundisha uwajibikaji.

Mambo anayoweza kufundishwa mtoto huyo hayahitaji pesa. Kamba pana au kipande cha gunia badala ya waya na nailoni. Kukagua mgongo na miguu kila jioni kwa kiganja, si kwa macho tu. Maji kabla ya kazi na baada ya kazi. Kidonda kikionekana, kuoshwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na mkanda usirudi hapo mpaka kipone. Mtoto akija kusema "punda anachechemea", asijibiwe kwamba ni uvivu wa punda.

Wazazi wa mijini nao hawajaepuka. Likizo ikifika, kuna farasi wa kukodisha ufuoni na kwenye viwanja vya burudani, na mtoto anataka kupanda na kupigwa picha. Kabla ya kulipa, mzazi amzunguke farasi mara moja. Atazame chini ya tandiko, pembe za mdomo pale lijamu linapokaa, na kwato. Aulize farasi amefanya kazi tangu saa ngapi na maji yake yako wapi. Mwenye farasi anayemtunza hufurahia maswali hayo, hata huonyesha. Asiyemtunza hukasirika.

Punda asiye na mwenyewe

Lamu ndiko swali la wajibu linapokuwa gumu. Katika mji wa kale vichochoro havipitishi gari, na punda ndiye lori, teksi na mkokoteni wa taka. Tangu mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki mjini humo inayowatibu. Kwa desturi, punda wengi wakimaliza kazi huachiwa wajitafutie. Zamani walijitafutia majani. Siku hizi hukuta jaa la taka, na pamoja na maganda ya maembe humeza karatasi za plastiki, ambazo hujifunga tumboni na kuziba matumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine bado zipo tele jaani.

Punda anayekufa hivyo ameuawa na nani? Mwenyewe atasema amemwacha huru kama babu yake alivyofanya. Kaunti itasema punda ni mali ya mtu. Aliyetupa plastiki hajulikani. Sheria iliyoandikwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye mjeledi haina jibu zuri hapa, na sioni aibu kwa hakimu kuliona hilo gumu.

Ugumu huo uliongezeka machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia mwaka 2016, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya kienyeji ya China. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilihesabu punda 301,977 waliochinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi ulienea. Familia zilizokuwa na punda mmoja ziliamka na kukuta kamba tupu, na wasichana wakarudi kubeba maji mgongoni. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Kwa aliyebaki na punda wake, mnyama huyo sasa ni ghali kumpata mwingine, na hiyo peke yake imewafanya wenye punda wengine waanze kumwita daktari mapema.

Na yule mtoto wa Gredi ya Pili bado yuko langoni. Mteja wa maji hana kosa kisheria, lakini ana neno. Anaweza kumuuliza kijana wa mkokoteni punda ni wa nani, na kuomba nambari ya simu ya mwenyewe. Anaweza kumwambia kwamba atanunua maji kwake wiki ijayo pia, ila si kwa punda huyu mpaka mgongo wake upone. Pengine kijana atajibu kwamba hana punda mwingine na tajiri anataka pesa zake jioni. Basi mazungumzo yamefika mahali pake, kwa tajiri, na simu yake sasa iko mkononi.